Kidonge cha Maumivu na Mtoto Tumboni

Mgongo ukimuuma mama mjamzito, jambo jepesi ni kumtuma mtoto dukani akanunue diklofenaki. Leo nasema: tusimtume kwanza.

Mwilini mna kemikali ziitwazo prostaglandini. Hufanya kazi kama homoni, ila hutengenezwa papo hapo zinapohitajika. Siku ya uchungu ikifika, ndizo zinazolainisha mlango wa kizazi na kuifanya misuli yake ijikaze. Kabla ya siku hiyo zina kazi nyingine: huuacha wazi mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, unaopitisha damu kando ya mapafu yasiyoanza bado kuvuta hewa.

Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa aspirini huzuia prostaglandini. Diklofenaki na ibuprofeni ni vivyo hivyo. Basi dawa inayotuliza mgongo wa mama yaweza kupunguza maji ya uzazi kuanzia wiki ya 20, na miezi ya mwisho kuubana mshipa ule wa mtoto.

Aspirini kidogo aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine, asiiache. Lakini ya dukani, aulize kliniki kwanza. Mwenye duka hajui mimba ina wiki ngapi.