Fimbo ya Hoki Ikikatwa



Katika nchi ya Kanada maziwa huganda wakati wa baridi yakawa magumu kama sakafu, na watu hucheza hoki juu yake, wamevaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya nyayo. Mchezo huo si mgeni kabisa kwetu Afrika ya Mashariki, maana mwaka 2018 vijana kadhaa wa timu ya Ice Lions ya Nairobi walisafiri mpaka Kanada kuucheza. Leo twapenda kunena habari ya fimbo yake, na mambo yanayoipata inapotiwa msumeno.

Fimbo hiyo ni mpini mrefu wenye bapa chini. Mchezaji hodari akitaka kupiga kwa nguvu hakipigi moja kwa moja kile kisahani cha mpira mgumu. Bapa hugusa barafu kwanza, nyuma kidogo ya kisahani. Mpini hupinda kama upinde, kisha hujifyatua, na kisahani huruka. Mpini usiopinda haujifyatui.

Kwa sababu hiyo viwanda huandika namba juu ya mpini. Namba 85 maana yake ni kwamba yahitajiwa nguvu ya ratli 85 ili kuupinda kwa inchi moja. Desturi ya wachezaji wengi, ingawa si sheria, ni kuchagua namba iliyo karibu na nusu ya uzito wa mwili kwa ratli.

Sasa baba ana fimbo ya inchi 60, yenye namba 85. Mtoto wake ana uzito wa ratli 90. Baba akata inchi 10 juu, ampa mtoto. Urefu wamfaa, lakini je, ugumu?

Wanafunzi waweza kujijibu kwa ufito mmoja. Ulazwe juu ya mawe mawili yaliyoachana futi 6, katikati utundikwe mkebe wa maji, nao upimwe umeshuka kiasi gani. Kisha mawe yasogezwe yaachane futi 3, na mkebe uwe ule ule. Ufito hautashuka nusu ya kwanza, la. Utashuka sehemu moja tu katika nane. Mti haukubadilika, wala maji hayakupungua. Urefu ukigawanywa kwa mbili, ugumu huzidi mbili mara mbili mara mbili.

Mikono ya mchezaji na barafu hufanya kazi ya mawe yale na mkebe: mkono wa juu washika ncha, bapa lategemea barafu, na mkono wa chini wasukuma katikati. Kwa hesabu hiyo, fimbo ya 85 iliyokatwa ikabaki inchi 50 huwa ngumu kama yenye namba 147. Mpini halisi haulingani unene kila mahali, basi tofauti kidogo yaweza kuwapo. Hata hivyo mtoto wa ratli 90, ambaye desturi yampa 45, ameshikishwa kitu kigumu zaidi ya mara tatu. Hupiga, kisahani chajikokota, na wenziwe husema hana nguvu. Naye huamini, ingawa namba iliyoandikwa pale ingali 85.

Tena kukata huondoa uzito upande wa juu, hata bapa likaonekana zito mkononi.

Mtu mzima apendaye fimbo fupi hutangulia kuhesabu. Hununua ya inchi 60 yenye namba 75, hukata inchi 2 na nusu, naye hupata kama 85. Baadhi ya viwanda huchora alama karibu na ncha kuonyesha namba mpya kwa kila mkato. Kwa watoto huuzwa fimbo zao wenyewe, zenye mpini mwembamba na namba kama 30, 40 au 50. Hizo, hata zikipunguzwa inchi moja, mikono midogo bado yaweza kuzipinda.