Paka wa depo yetu

(Maneno ya mama mlinzi wa depo, mbele ya mkutano wa wanamemba)



Wamoja kati yenu mumenung'unika: "Watu wanalala njaa, na yeye analisha paka!" Neno hilo si la bure. Leo ninalijibu mbele ya wote.

Wakati tulirudi toka Nyarugusu, tulikuta manyumba yameanguka na paka wamegeuka wa pori. Mbegu ya maharagi na mahindi tuliyoweka depo, panya waliimaliza mbele ya mvua. Tukaweka dawa ya panya. Nyuma ya siku tatu, paka wawili wakafia mlangoni: walikula panya waliokula ile dawa. Tena mtoto wa jirani akaiokota akizani ni pipi. Mama yake alimuwahi kabla haijafika kinywani. Siku ile nikasema: dawa, basi.

Tukaokota paka wanne. Mmoja alivunjika mguu, mwingine macho yalijaa usaha. Veterinere alitufundisha kuosha vidonda kwa maji ya chumvi, na kutowapa parasetamole hata kipande, maana inaua paka. Akatuambia pia wachanjwe juu ya kichaa cha mbwa, kwani paka anaweza kukipitisha kwa mutu. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mingi na sabuni dakika 15, halafu kimbia kituo cha afya. Usingoje ugonjwa uonekane. Ukionekana, hauponi tena.

Leo wako sita. Panya hawajaisha, siwezi kuwadanganya. Lakini msimu huu kila mwanamemba alipata mbegu yake. Paka wanakula mabaki ya ugali na vichwa vya ndagala, na feza ya chama haijaguswa.

Sasa ninaomba jambo moja: chanjo yao, na kuhasi madume, viingie katika matumizi ya depo, sawa na kufuli na magunia. Jike anabeba mimba miezi miwili tu; tukilala, mwaka kesho kundi litatushinda. Hatuombi kituo kama kile cha Lwiro, ambako sokomutu yatima wanalelewa tangu 2002. Tunaomba kona ya depo.

Sisi tunajua ni nini kupokelewa na mutu asiye na mingi.

Mwenye kukataa aseme sasa, kisha tupige kura.