Mtoto Hujua Lini Jema na Baya?

Mazungumzo kwa wazazi, walimu wa chekechea na wazee wa vijiji



Mtoto mmoja ameitwa mezani kula. Anasukuma mlango, na nyuma ya mlango, bila yeye kujua, kuna kiti chenye sinia ya vikombe 15. Vyote vinavunjika. Mtoto mwingine anangoja mama yake atoke, anapanda kiti ili aibe jamu kabatini, na kikombe kimoja kinaanguka. Ni yupi mwenye kosa kubwa zaidi?

Jean Piaget aliwauliza watoto wa Uswisi swali hilo, na mwaka 1932 akachapisha kitabu kuhusu majibu yao. Wadogo, wa miaka 6 au 7, mara nyingi walimtaja aliyevunja vikombe 15, kwa kuwa hasara yake ni kubwa. Wakifika miaka 9 au 10 walimtaja mwizi wa jamu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nia mbaya. Watafiti waliofuata walimsahihisha Piaget kidogo: nia ikielezwa wazi, tena kwa picha, hata mtoto wa miaka 3 au 4 huijali. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea ana kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza, nayo ni kuuliza, "Alikuwa anataka kufanya nini?"

Wako watu wazima ambao bado wanahesabu vikombe. Simu ya baba ikimponyoka mtoto ikapasuka kioo, anachapwa. Akidanganya kuhusu jambo lisilogharimu hata shilingi, watu wanacheka na kumwita mjanja. Mtoto huyo anajifunza kwamba kosa hupimwa kwa bei.

Piaget alionyesha pia kwamba mtoto ana namna yake ya kufikiri, tofauti na ya mtu mzima. Maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba, mtoto wa miaka 4 husema yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Hadanganyi, wala si mjinga. Karibu na miaka 7 ndipo huanza kuona kwamba maji ni yale yale. Uwezo wa kupima mambo ambayo hayajatokea, kujiuliza "ingekuwaje kama", huanza kujitokeza miaka 11 au 12, na hata hapo hutegemea sana masomo aliyopata na kama jambo lenyewe analifahamu.

Mmarekani Lawrence Kohlberg aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1958, katika utafiti wake wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahoji wavulana 72 wa miaka 10, 13 na 16. (Wavulana pekee, na baadaye Carol Gilligan alimkosoa kwa haki kabisa kwa kuwasahau wasichana.) Kisa chake maarufu ni cha Heinz, ambaye mkewe anakufa kwa saratani. Mwenye duka la dawa anauza kwa dola 2,000 dawa iliyomgharimu 200. Heinz amekopa kila mahali na kupata nusu tu. Je, aibe dawa? Yeyote aliyewahi kuandaa harambee ya bili ya hospitali hahitaji kuelezwa zaidi.

Kohlberg hakujali sana kama jibu ni ndiyo au la. Alitaka sababu. Mmoja husema asiibe, atafungwa. Mwingine husema aibe, kwa kuwa anamhitaji mkewe. Wengine hutazama mume mwema angefanya nini machoni pa jamaa zake, wengine sheria inayolinda kila mtu, na wachache hufikia kupima kama sheria yenyewe inatenda haki. Hizo ndizo ngazi zake, na mtu huzipanda moja baada ya nyingine, wengi wakiishia katikati. Ngazi ya chini kabisa ni ya kuogopa adhabu. Mtoto anayelelewa kwa kiboko peke yake hupata mazoezi mengi ya ngazi hiyo tu: hujifunza kutazama nani anamwona.

Ngazi hizo zilipoletwa Kenya, zilizua mjadala. Carolyn Edwards, aliyefanya utafiti hapa nchini miaka ya 1970, aliona kwamba watu wazima wengi wa vijijini walitoa sababu za ngazi ya tatu, ile ya uhusiano mwema. Hakuona huo kuwa upungufu. Alieleza kwamba mahali ambapo watu wanajuana na watakutana tena kesho kisimani, fikra hizo zinatosha kuendesha maisha, na kwamba kufikiri kwa sheria za jumla hukua pale watu wanapoishi chini ya mahakama na ofisi za serikali. Mwaka 1981, yeye, Sara Harkness na Charles Super walichapisha utafiti kutoka jamii ya Wakipsigis. Walilinganisha wazee wanaoheshimika, wale wanaoitwa kila mara kusuluhisha kesi, na wanaume wengine wa hapo hapo. Wasuluhishi walitoa sababu za ngazi ya juu zaidi. Inawezekana walichaguliwa kwa busara yao, lakini pia kazi ya kusikiliza pande mbili kila wiki humkomaza mtu.

Hilo linafanana na alichokipata Moshe Blatt, mwanafunzi wa Kohlberg, aliyewakutanisha watoto wa miaka 11 na 12 kujadili visa vigumu kama cha Heinz. Hakuwahubiria. Waliposikia wenzao wakitoa sababu bora kuliko zao, wengi walisogea ngazi moja mbele.

Ipo tahadhari. Kijana anaweza kujua jema akiwa peke yake na kulisahau akiwa na wenzake. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana marafiki wakiwatazama. Watu wazima hawakubadilika. Kila mwalimu wa bweni anajua mipango ya usiku huanza hivyo.

Sheria za Kenya zimezingatia ukuaji huo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Zamani umri huo ulikuwa miaka 8. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba anaweza. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba watoto wameachiliwa. Sheria imeondoa seli na kiboko. Haikuondoa kazi ya mzazi, ya mwalimu wala ya mzee wa kijiji, na kwa kweli imeiongeza.

Mara nyingi ng'ombe wakiingia shambani mwa jirani, kijana wa miaka 15 aliyekuwa akiwachunga huitwa, hugombezwa, kisha huambiwa atoke nje wazee wazungumze. Faini inakubaliwa yeye akiwa nyuma ya nyumba. Aachwe ndani. Amsikilize mwenye mahindi akieleza hasara yake, aulizwe yeye anaona ni fidia gani inayofaa na kwa nini, na wazee wampinge kwa sababu, kama wanavyopingana wao kwa wao.

Sasa ni wakati wa maswali, na vijana walioketi nyuma wapewe kipaza sauti kwanza.