Jemadari Aliyejua Kukabidhi



Atokaye Njombe akifika Makambako hukuta njia panda: kushoto Mbeya, kulia Iringa. Hana budi kuchagua. Januari 1964 Tanganyika nayo ilisimama penye njia panda. Askari wake waliasi, na Serikali ikalazimika kuomba majeshi ya Uingereza yawatulize. Je, bunduki itawale, au itumikie?

Jeshi lile likavunjwa. Septemba 1 mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi, na mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, mwana wa Meru aliyehitimu Sandhurst, kijana wa miaka thelathini hivi. Aliliongoza miaka kumi. Mwaka 1971 jirani zetu wa Uganda walitwaliwa kwa mtutu; hapa jemadari alibaki chini ya mamlaka ya raia. Mwaka 1974 alimwachia Abdallah Twalipo nafasi ile kwa amani, naye akaendelea kulitumikia Taifa kama waziri, kisha balozi.

Akida wa Kapernaumu alikuwa na askari chini yake, lakini wazee walimsifu kwa sinagogi aliyowajengea.

Usharika hufikisha miaka 100 kwa mikono ipokeayo na ikabidhiyo. Ndugu mzee wa kanisa, ndugu mwenyekiti, funguo ulizo nazo ni za Bwana. Siku ya kukabidhi ikifika, je, mkono wako utafunguka?