Kijana Aliyewekwa Benchi Atlanta

Msikilizaji, kuna uamuzi mmoja wa kocha ambao ukiutaja mbele ya shabiki wa Georgia, atanyamaza kwanza ndipo akujibu. Ulifanyika Januari 8, 2018, katika uwanja wa Mercedes-Benz jijini Atlanta, wakati wa mapumziko ya fainali ya taifa ya futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Georgia tulikuwa tunaongoza 13 kwa 0 dhidi ya Alabama. Nasema tulikuwa, maana mimi ni wa Georgia damu, na leo nazungumza kama shabiki.

Alabama walikuwa hoi. Kwotabeki wao, Jalen Hurts, alikuwa amerusha pasi 8, zikafika 3, kwa jumla ya yadi 21 tu. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila shambulio linapoanza, akaamua papo hapo aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Akizimwa yeye, timu nzima imezimika. Lakini Hurts hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alishika namba tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, na katika mechi zote alizoanza alikuwa amefungwa mbili tu. Fainali ya mwaka uliotangulia, dhidi ya Clemson, alichomoka na mpira yadi 30 akaiweka Alabama mbele zikiwa zimebaki kama dakika mbili, kisha Clemson wakapata ushindi ikiwa imesalia sekunde moja. Huyo ndiye ambaye kocha Nick Saban alimketisha benchi mbele ya nchi nzima.

Badala yake akaingia Tua Tagovailoa, kijana wa Hawaii mwenye asili ya Samoa, mtumiaji wa mkono wa kushoto, mwaka wa kwanza chuoni. Msimu mzima alikuwa akiingizwa pale tu mechi inapokuwa imeshaamuliwa. Na hakuanza kama malaika, kwani alirusha mpira ukaishia mikononi mwetu. Lakini taratibu uwanja ukaanza kuinamia upande wao. Tukafika 20 kwa 7, ikawa 20 kwa 10, ikawa 20 kwa 13. Kisha, katika jaribio la nne ambalo likishindikana mpira unakuwa wetu, akampata Calvin Ridley ndani ya eneo la mwisho. Ishirini kwa ishirini. Sekunde za mwisho mpigaji wao akakosa mkwaju wa yadi 36 ambao ungemaliza kila kitu, nasi tukapumua.

Muda wa nyongeza tulianza sisi. Rodrigo Blankenship, na miwani yake, akapiga mkwaju wa yadi 51 ukapita katikati ya nguzo. 23 kwa 20. Zamu ya Alabama, mchezo wa kwanza tu, walinzi wetu wakamfikia Tagovailoa wakamwangusha yadi 16 nyuma. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, na sasa wao walihitaji 26. Tangu mwaka 1980 Georgia hatukuwa na ubingwa wa taifa, na pale, kwa muda wa mchezo mmoja, kila mmoja wetu aliamini.

Kilichofuata nimekitazama mara nyingi kuliko inavyonifaa. Tagovailoa anapokea mpira, anarudi nyuma, anageuza uso kulia. Beki wetu wa mwisho anayafuata yale macho, hatua moja, mbili. Kushoto kabisa, DeVonta Smith, naye mwaka wa kwanza, anakimbia moja kwa moja kandokando ya mstari. Mkono wa kushoto unaachia. Yadi 41. Smith anaupokea akiwa peke yake, mchezo umekwisha, 26 kwa 23. Atlanta ilikuwa usiku wa manane. Afrika Mashariki ilikuwa asubuhi ya Jumanne, watu wako njiani kwenda kazini.

Mazungumzo ya usiku ule yalikuwa juu ya Tagovailoa, na ilikuwa haki yake. Mimi nataka kumzungumzia Hurts. Alikuwa na umri wa miaka 19. Kipindi chote cha pili alikuwa pembeni ya uwanja akimtia moyo mwenzake aliyeshika nafasi yake, na ushindi ulipopatikana alishangilia na kundi. Wengi walidhani ataondoka. Akabaki, akaanza msimu uliofuata kama mchezaji wa akiba.

Desemba 1, 2018, uwanja uleule, timu zilezile, safari hii ni fainali ya ukanda wetu wa SEC. Tulikuwa tunaongoza tena. Robo ya mwisho Tagovailoa akaumia kifundo cha mguu, na kutoka benchi akanyanyuka Hurts, Alabama wakiwa nyuma 28 kwa 21. Akarusha pasi ya kusawazisha. Kisha, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache, akakimbia yadi 15 mpaka ndani. 35 kwa 28. Saban, mtu ambaye uso wake hauonyeshi mengi, alizungumza juu ya kijana huyo huku machozi yakimlenga. Nami, niliyetoka kufungwa naye, sikuweza kumchukia. Mwezi huohuo Hurts akahitimu shahada yake, kisha akahamia Oklahoma. Februari 2025 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Philadelphia, na moja ya pasi zake za kufunga ilimwendea Smith yuleyule.

Sasa, msikilizaji, habari za Hurts zimekuwa fimbo. Kila kijana anayehama chuo leo anaambiwa angejifunza uvumilivu kwa Hurts. Hapo ndipo nakataa. Mwaka 2018 mchezaji wa chuo alipata ada, malazi, chakula na posho ya kujikimu, bila mshahara, na hakuruhusiwa kuuza jina lake wala picha yake. Kocha wake alikuwa akilipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Mchezaji akihama kabla ya kuhitimu, kanuni ilimlazimu akae msimu mzima bila kucheza. Hurts alikuwa mvumilivu, ndiyo, lakini mlango wa kutokea nao ulikuwa mwembamba. Msimu huohuo Kelly Bryant, kwotabeki wa Clemson, alipoketishwa benchi baada ya mechi nne aliaga akaenda zake, na watu wakamwita msaliti. Alikosa nini? Alikuwa anatafuta mahali pa kucheza, naye miaka ya kucheza chuoni inahesabika.

Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Mwaka 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Nasikia wenzangu wakilalamika kwamba mchezo umeharibika. Sikubaliani nao. Georgia tulitwaa ubingwa Januari 2022 kwa kuwafunga Alabama 33 kwa 18, na utamu wake haukupungua hata chembe kwa sababu baadhi ya vijana wetu walikuwa na mikataba ya matangazo.

Nikubali kwamba kuna kitu tunapoteza. Ni vigumu kumpenda mchezaji unayejua mwakani anaweza kuvaa jezi ya Alabama. Lakini hilo ni gharama yetu sisi mashabiki, na tumekaa miaka mingi tukiwaachia vijana wa miaka 19 waibebe. Kwotabeki wetu akiamua kesho kuondoka Georgia kwa sababu kuna chuo kinachompa nafasi na malipo bora, nitaumia. Na nitamtakia heri, kwa moyo mmoja, hadi siku tutakapokutana naye uwanjani.