Simu Janja kama Kompyuta ya Nyumbani: Kinachokwamisha ni Fomu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maofisa TEHAMA wa halmashauri na walimu wa somo la kompyuta

1.0 Utangulizi

Waandaaji wameniomba nijibu swali moja: je, ipo siku simu janja itachukua nafasi ya kompyuta ya nyumbani? Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia, na sikuja kuinyooshea kidole ofisi yoyote. Mifumo nitakayoizungumzia kwa kasoro zake sitaitaja majina. Walioijenga ni wenzetu, na tutaendelea kufanya nao kazi.

1.1 Maana ya istilahi

Simu janja ni simu yenye skrini ya kugusa, intaneti, na mfumo endeshi unaokubali kuongezewa programu. Kompyuta ya nyumbani ni ya mezani au ya mpakato, yenye kibodi na skrini kubwa, inayotumiwa na familia. Haya sote tunayafahamu, kwa hiyo sitayakalia.

2.0 Tulikotoka

Wenye viwanda wamejaribu kuigeuza simu kuwa kompyuta kwa muda mrefu. Mwaka 2011 Motorola ilitoa Atrix, simu iliyochomekwa kwenye gamba la kompyuta mpakato likawa ndilo skrini na kibodi yake. Mwaka 2013 kampuni ya Canonical iliuomba umma uchange dola milioni 32 ili itengeneze Ubuntu Edge. Zikapatikana chini ya milioni 13 na mradi ukaachwa. Mwaka 2015 Microsoft ilijaribu kwa Lumia 950, na miaka michache baadaye ikajitoa kabisa katika mifumo ya simu. Samsung ilileta DeX mwaka 2017 pamoja na Galaxy S8. Hiyo imeonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana.

Lakini majaribio yote hayo yalimtaka mtu awe na simu ya bei ya juu. Simu ambayo wananchi wetu wengi wanamudu, ile inayouzwa kwa wingi Kariakoo na kwenye maduka ya wilayani, tundu lake la kuchajia halitoi picha kwenda kwenye skrini nyingine, hata ukinunua waya wa namna gani.

Tena swali nililopewa limetoka mahali ambako kompyuta ilitangulia kuingia nyumbani, simu ikafuata. Kwetu haikuwa hivyo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, nyumba nyingi hazikuwa na kompyuta, lakini M-Pesa ilikuwa imeshaanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Watu wetu walituma fedha kwa simu ya kitochi kabla hawajawa na baruapepe. Kwa mujibu wa StatCounter, duniani kwa ujumla ilikuwa hadi Oktoba 2016 ndipo matumizi ya intaneti kwa simu na vishikwambi yakazidi yale ya kompyuta. Kwa familia nyingi za hapa kwetu hakukuwa na kompyuta ya kuzidiwa.

3.0 Simu inaweza nini, na nini haiwezi

Jibu langu ni hili. Kwa shughuli za kawaida za nyumbani, yaani kuwasiliana, kulipa, kusoma habari, kutazama somo, kupiga picha ya risiti na kuihifadhi, simu imeshakuwa kompyuta ya nyumba. Upande wa umeme peke yake unatosha kulimaliza suala hilo. Betri ya mAh 5000 hubeba takriban Wh 19, kiasi ambacho paneli ndogo ya sola juu ya bati inakirudisha kwa siku moja. Kompyuta ya mezani humaliza umeme huo kwa dakika chache tu. Na kibodi ya Bluetooth inafanya kazi na karibu kila simu ya Android, jambo ambalo walimu wengi bado hawajawaonyesha wanafunzi wao.

Kwa kazi ya kutengeneza vitu, simu haitoshi. Ripoti ndefu, jedwali la hesabu lenye safu nyingi, uandishi wa programu na uchoraji wa ramani ya nyumba vinahitaji skrini pana na mikono miwili. Kijana aliyeikuta intaneti ndani ya simu hufika chuoni bila kujua faili limehifadhiwa wapi, kwa sababu simu haikuwahi kumtaka ajue.

Lipo na jambo jingine ambalo wataalamu hulisahau: simu ni ya mtu, kompyuta ni ya nyumba. Shule zilipofungwa kwa sababu ya corona kuanzia Machi hadi Juni 2020, walimu waliojitahidi walituma kazi kwa WhatsApp. Mtoto alisubiri mpaka baba au mama arudi jioni na simu, na mzazi hakuwa tayari kuiacha mkononi mwa mtoto huku fedha na mazungumzo yake yote vimo humo. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye walikabidhiwa walimu, vimepunguza tatizo hilo kwa upande wa mwalimu. Nyumbani bado lipo.

4.0 Tatizo la fomu

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wenu, Mheshimiwa Mwenyekiti, maana jambo hili nimelipigania kwa miaka.

Mwananchi wa leo anailipa Serikali kwa simu bila shida. Anapata namba ya malipo, analipa, risiti inakuja. Akipiga *152*00# anapata huduma kadhaa hata kwa kitochi. Lakini anapotaka kuiomba Serikali kitu, mkopo wa masomo, ajira, usajili wa biashara, simu hiyohiyo inakuwa haifai. Anaambiwa nenda steshenari.

Kwa nini? Mfumo umetengenezwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini kubwa, ukajaribiwa kwa intaneti ya ofisini, ukazinduliwa kwa projekta. Ukiufungua kwenye simu, kitufe cha kuendelea kimejificha upande wa kulia nje ya skrini. Ukikosea, ujumbe wa kosa hutokea juu kabisa ya ukurasa, wakati wewe uko chini unabonyeza tena na tena na kuona hakuna kinachotokea. Kisha mfumo unatuma tarakimu za uthibitisho kwa SMS. Mwenye kompyuta anaisoma simu huku fomu ikimsubiri mezani. Mwenye simu peke yake analazimika kutoka kwenye kivinjari aende kwenye ujumbe, na simu yenye RAM ya GB 1 au 2 mara nyingi haina nafasi ya kushikilia vyote viwili, hivyo inautupa ukurasa. Akirudi, ukurasa unajifungua upya na fomu ni tupu. Anaanza mwanzo. Bando linakwisha. Mtu akifanyiwa hivyo mara kadhaa ataamini kwamba yeye hajui kutumia simu, kumbe simu anaijua vizuri kabisa.

Akivuka hapo, anakutana na hatua inayoniumiza kuliko zote. Taarifa alizokwisha kuzijaza ndani ya mfumo anatakiwa azichapishe kwenye karatasi, aipeleke kwa mtendaji akagonge muhuri, aende kwa wakili akale kiapo, kisha aiskani, aigeuze PDF isiyozidi ukubwa fulani, airudishe kwenye mfumo uleule. Taarifa iliyokuwa imeshaingia inatolewa nje ili irudi ikiwa picha ambayo mashine haiwezi kuisoma kwa urahisi. Na katika safari hiyo kuna mashine mbili ambazo hakuna nyumba ya kawaida iliyo nazo: printa na skana.

Ndiyo maana steshenari hujaa, na wiki ya mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa bei hupanda. Siwalaumu vijana wanaohudumu pale. Wanafanya kazi ambayo kaunta zetu zilipaswa kuifanya, na wengi wanaifanya kwa moyo. Tatizo ni kinachobaki nyuma. Mhudumu anamfungulia mwombaji baruapepe, anamchagulia nywila, na kwa haraka anaweka namba yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti. Vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na picha za waombaji hubaki kwenye kompyuta ya duka, wazi kwa kila atakayeketi baadaye. Mwaka unaofuata mwombaji anahitaji kuingia tena, na duka limehama. Nimewapokea vijana wa mwaka wa pili chuoni waliokuja kuomba msaada wa kufungua akaunti zao wenyewe, na hakuna aliyeweza kuwasaidia kwa wakati, kwa sababu kwa macho ya mfumo mwenye akaunti alikuwa mtu mwingine.

Nyenzo za kuyaondoa haya tunazo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoitambua sahihi ya kielektroniki. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ni kweli kwamba wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la ndugu, na jambo hilo lishughulikiwe. Hata hivyo, uthibitisho uliopita kwenye laini iliyosajiliwa una nguvu kuliko muhuri ambao mtu yeyote anaweza kuchongesha mtaani.

Nimeandika madokezo kuhusu suala hili kwa zaidi ya kiongozi mmoja. Majibu huwa ya heshima: limepokelewa, litazingatiwa katika awamu ijayo ya maboresho. Awamu ikifika hubadilishwa mwonekano wa ukurasa wa mbele, na fomu ikabaki ilivyo. Naelewa sababu yake. Mkataba wa mkandarasi unasema mfumo ufanye kazi, hausemi ufanye kazi kwenye kifaa gani. Siku ya kuupokea, kamati huketi mbele ya kompyuta ya ofisi, inaona unafanya kazi, inatia saini. Mkandarasi ametimiza alichoandikiwa. Kasoro iko kwetu sisi tuliouandika mkataba.

5.0 Mapendekezo

Hadidu za rejea za kila mfumo unaowahusu wananchi zitaje simu ya kupimia: yenye RAM ya GB 2, kwa intaneti ya 3G na bando la kawaida. Kamati ya mapokezi iujaribu mfumo kwa simu hiyo kabla ya malipo ya mwisho. Pasipo sharti hili katika mkataba, mengine yote ninayopendekeza yatabaki maombi.

Fomu ijihifadhi yenyewe kila hatua, ili ukurasa ukitupwa na simu mtu arudi pale alipoishia. Muda wa kutumia tarakimu za uthibitisho uwe wa kutosha mtu kwenda kwenye ujumbe na kurudi.

Mzunguko wa kuchapisha, kusaini na kuskani uondolewe. Mtendaji wa kijiji au mtaa naye ana simu: aletewe ombi kwenye simu yake, amtambue mkazi wake, alithibitishe humo humo. Pale ambapo kiapo kinalazimika kisheria, wanasheria wetu waangalie namna ya kukikamilisha kielektroniki, na wasiishie kusema haijawahi kufanyika.

Mfumo upokee picha iliyopigwa kwa kamera na uipunguze ukubwa wenyewe. Hii ni kazi ndogo kwa mtengenezaji programu, na kwa mwombaji ni safari nzima ya kwenda mjini.

Steshenari zitambuliwe rasmi kama vituo vya msaada, wahudumu wapewe mafunzo mafupi ya kutunza taarifa za watu, na halmashauri ziwawekee masharti machache yanayoeleweka: namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mwombaji mwenyewe, nywila achague yeye, na mafaili yafutwe akiwa bado amesimama pale. Sisemi wafungiwe. Wakifungiwa leo, maelfu ya vijana watakosa maombi.

Walimu wasiache kufundisha kompyuta kwa hoja kwamba simu inatosha. Wafundishe mafaili na mafolda, majedwali, na uandishi wa vidole kumi. Shule isiyo na maabara inaweza kuanza na kishikwambi kimoja na kibodi ya Bluetooth. Na mzazi mwenye uwezo kidogo na mtoto wa sekondari, namshauri anunue kompyuta mpakato iliyotumika, iwe ya nyumba, kabla ya kufikiria simu ya pili ya bei kubwa.

Serikali ilisamehe VAT ya simu janja katika mwaka wa fedha 2021/22 na kuirejesha mwaka uliofuata. Napendekeza, kwa unyenyekevu, suala hilo lirudiwe kwa simu za bei ya chini tu, na usimamizi wa bei uhakikishe nafuu inamfikia mnunuzi.

Narudia pendekezo la mkataba kwa sababu ndilo lililo ndani ya uwezo wa waliomo humu, na halihitaji bajeti mpya. Na tusisubiri mkataba ujao: kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa, kila ofisa TEHAMA achukue simu ya bei ya chini kabisa, aweke bando kwa fedha yake, ajaze fomu ya taasisi yake kuanzia mwanzo hadi risiti ya mwisho. Asipofika mwisho, mfumo huo usifunguliwe kwa wananchi.