Ngoma za babu si mali ya wakubwa

Makamanda, dakika zangu chache, naenda moja kwa moja.

Mwaka 1984, jijini London, bendi ya The Pogues ilitoa albamu yake ya kwanza, Red Roses for Me. Mwimbaji wao, Shane MacGowan, alizaliwa Uingereza na wazazi wa Ireland. Enzi hizo, lafudhi ya Kiairishi tu ilitosha watu wakushuku ugaidi.

Vijana wale walifanyaje? Walichukua banjo, akodiani na filimbi ya bati, vyombo vya wazee, wakavipiga kwa kasi ya panki. Mle ndani kuna wimbo wa zamani wa vibarua wa Kiairishi waliojenga reli. Vijana wakaucheza kwa kurukaruka.

Mwaka 1988 wakawaimba Waairishi sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham. Mamlaka ya utangazaji ikaupiga marufuku. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikawaachia wale sita, baada ya miaka 16 jela. Siwadanganyi kwamba wimbo ndio uliowatoa. Kazi ile ni ya mawakili, familia na wanahabari waliokomaa. Ila wimbo uliwafikia vijana wasiosoma magazeti.

Sasa sisi je? Akija mgeni rasmi, ngoma za babu zetu ndizo zinampokea. Nani kasema ni zake? Nendeni kwa bibi zenu, rekodini nyimbo za mashambani na za vibarua. Mkutano ujao tuzipige kwetu, kwa kasi yetu.